Eti mteja ndiye aliyeua duka la mtandaoni

Najua nimepotea wiki mbili, testi zimetubana na kila mwalimu anataka kazi yake kwanza. Lakini leo silali kabla sijaandika, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu jioni.

Tulikuwa na mjadala wa ujasiriamali hapa chuoni. Si unajua ile mijadala yetu, mgeni rasmi amechelewa saa nzima na nusu, maji ya chupa mezani ni ya meza kuu peke yake. Basi akaja kaka mmoja ambaye inasemekana anauza vitu Instagram na amefanikiwa. Akaongea vizuri tu kuhusu mitaji, kamera na namna ya kupiga picha bidhaa. Tukamsikiliza. Halafu akafika kwenye wateja. Hapo ndipo aliponiudhi.

Alisema hivi (si neno kwa neno, ila wenzangu mliokuwepo ni mashahidi): biashara ya mtandaoni Tanzania haikui kwa sababu mteja wa Kitanzania ni mshamba. Anataka auone mzigo kwanza ndipo atoe hela. Wenzetu nje wanalipa kwanza na kusubiri wiki nzima bila kelele. Mpaka Jumia wakafunga virago wakaondoka, kwa sababu ya huyo huyo mteja wa kulipa mkononi. Badilikeni vijana!

Na ukumbi ukapiga makofi. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, jamani. Watu wanaoishi kwa bumu la shilingi 10,000 kwa siku wanampigia makofi mtu anayewaita washamba kwa kuogopa kuibiwa bumu hilo hilo.

Niliinua mkono kuuliza swali, muda ukaisha. Haya, swali langu nalileta hapa, na majibu yake nalileta mwenyewe.

Tuanze na Jumia, kwa kuwa ndiyo fimbo anayochapiwa mteja kila mahali. Ni kweli Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania, tarehe 27 Novemba 2019. Siku chache kabla ya hapo ilikuwa imefunga Cameroon, na mwanzoni mwa 2020 ikafunga Rwanda. Yenyewe ilieleza kwamba inataka kuelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Sasa angalia masoko iliyobaki nayo. Misri. Nigeria. Kenya. Waulize waliowahi kuishi Cairo au Lagos watu wanalipaje mzigo wa mtandaoni. Wanalipa mlangoni! Misri ni nchi ya kulipa ukipokea kuliko hata sisi, na ndiko kampuni ilikobaki. Halafu mwishoni mwa 2024 Jumia hiyo hiyo ikajiondoa Afrika Kusini, ambako watu wamezoea kadi za benki miaka nenda rudi, na Tunisia. Sasa nambie, kama kulipa mkononi ndiko kulikoifukuza Tanzania, ni nini kilichoifukuza Afrika Kusini?

Kampuni ile ilipata hasara ya karibu euro milioni 170 mwaka 2018 peke yake, na Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York, ambako wenye hisa wanataka kuambiwa faida itakuja lini. Mtu wa namna hiyo akipunguza nchi anapunguza zile ndogo kwake. Ni hesabu za ofisini. Dada wa Mbagala aliyekataa kulipa kabla ya kuona gauni hahusiki hata kidogo, lakini ndiye anayesemwa kwenye kila semina.

Mie siipingi biashara ya mtandaoni, msinielewe vibaya. Naipenda. Nitawaambia kwa nini.

Kwanza Kariakoo. Anayesema Kariakoo ni raha hajaenda Jumamosi ya kabla ya sikukuu akiwa msichana na ana begi mgongoni. Unashikwa mkono, unaitwa mchumba, unavutwa dukani, ukikataa unatukanwa. Ukitoka hapo jasho linakutoka, simu umeishikilia kifuani, na bei uliyopewa hujui kama ndiyo bei au ni bei ya sura yako. Mtandaoni hakuna anayekushika mkono. Unakaa kitandani saa 6 usiku, unalinganisha viatu vya maduka kumi, unalala. Kesho yake boda yuko getini. Kwa sisi wenye vipindi tangu saa 1 asubuhi hiyo si anasa.

Pili, mikoani. Nina binamu yangu anafundisha sekondari mbali huko Rukwa. Zamani akitaka kitabu au charger ya laptop yake alikuwa anasubiri mtu aje Dar. Sasa anaagiza, mzigo unapanda basi, anaupokea stendi. Kwake yeye simu ndiyo Kariakoo yake. Mtu asiyeona uzuri wa hilo ni mtu ambaye hajawahi kukaa mahali ambako duka lina saizi moja ya kila kitu.

Kwa hiyo mvuto upo, na ni wa kweli. Ndiyo maana watu wanarudi hata baada ya kulizwa. Na kulizwa kwenyewe tunakujua.

Mwezi uliopita kuna mwenzetu wa hapa hosteli, wa mwaka wa kwanza, aliona begi la laptop kwenye ukurasa mmoja wenye wafuasi kibao. Bei haijaandikwa. Imeandikwa tu "bei inboksi". Akaenda inboksi. Akaambiwa 65,000, mzigo umebaki mmoja, kuna mtu mwingine anautaka, akilipa sasa hivi unaletwa jioni. Namba ya kulipia ni ya mtu binafsi, si lipa namba. "Tuma na ya kutolea, mpenzi." Akatuma, na ya kutolea juu. Jioni hakuna kitu. Kesho yake akaambiwa boda amepata ajali. Keshokutwa akaambiwa mzigo unatoka stoo. Siku ya nne akakuta ameblokiwa, ukurasa upo, picha mpya zinapandishwa, chini ya kila picha mtu akiuliza bei anajibiwa "inboksi dear".

65,000 kwa mtu wa bumu ni siku sita na nusu za kula. Nilimwona yule mtoto wiki ile anakunywa chai na andazi mchana. Halafu leo mtu anasimama mbele yake (alikuwepo, safu ya tatu) anamwambia aache ushamba, alipe kwanza!

Mtaniambia si angeripoti. Aliripoti. Namba aliituma 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli, na hiyo msiidharau, itumieni, maana ndiyo inayosaidia namba kufungiwa. Lakini kufungiwa kwa namba hakurudishi hela. Akaambiwa na watu aende kituoni. Afungue jalada la 65,000, nauli ya kwenda na kurudi, arudi tena Jumatatu, arudi tena Alhamisi... alikata tamaa siku ya pili. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, tangu Januari 2020 ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa, tukaambiwa sasa tapeli hana pa kujificha. Jina lililotokea wakati anatuma lilikuwa la mama fulani. Sijui kama mama huyo anajua laini yake inauza mabegi. Pengine hata simu hana.

Sasa nifike kwenye kiini, na hapa naomba mnisome taratibu.

Kwa nini muuzaji wa Instagram anataka ulipe kwanza? Jibu la haraka ni kwamba ni tapeli. Hapana. Wengi si matapeli kabisa. Wengi ni mawinga. Mnawajua mawinga wa Kariakoo, wale vijana wanaokupokea barabarani, wanakupeleka duka la mtu mwingine na wanaweka cha juu chao. Winga hana duka. Hana mzigo. Ana mdomo na anajua mitaa. Basi winga huyu amehamia kwenye simu. Anachukua picha kutoka kwenye grupu la WhatsApp la muuza jumla wa Aggrey au mtaa wa Kongo, anaziweka kwenye ukurasa wake, anasubiri. Wewe ukisema nataka, ndipo anapiga simu dukani kuuliza kama kipo na leo ni shilingi ngapi. Ndiyo maana hawezi kuandika bei! Haijui. Bei inategemea mwenye duka ameamkaje. Na wakati mwingine inategemea na picha yako ya profaili, lakini hayo tuyaache.

Na ndiyo maana anataka hela kwanza. Hana mtaji wa kulichukua begi dukani. Hela yako ndiyo mtaji wake. Anakwenda nalo dukani pesa yako ya 65,000, ananunua la 45,000, anampa boda 4,000, kinachobaki ndicho chake.

Sina ubaya na hilo. Kila mtu ale. Lakini tuite jambo kwa jina lake. Mtu anayechukua hela yako leo ili akanunue kitu akuletee kesho amekukopa. Wewe umemkopesha, bila riba, bila dhamana, bila karatasi, bila kujua anakaa wapi. Benki ingemuuliza hati ya nyumba na wadhamini wawili. Bodi ya mikopo kwa ajili ya hela yetu ilitudai vyeti vya kuzaliwa, vya wazazi, saini za serikali ya mtaa na za wakili. Winga wa mtandaoni anakudai uaminifu tu, tena ukisita anakuita mshamba.

Kwa hiyo mteja anayesema nitalipa nikiuona mzigo anakataa kutoa mkopo usio na dhamana. Basi. Ushamba uko wapi hapo? Mimi naona ni mtu mwenye akili timamu kuliko nusu ya waliopiga makofi leo.

Sasa nije kwa "wenzetu wa nje". Hii hoja inanichekesha kwa sababu waliofanikiwa huko nje walifanya kinyume kabisa na anachohubiri mgeni wetu.

China. Taobao ilianza mwaka 2003, wakati Wachina nao hawaaminiani hata kidogo mtandaoni, muuzaji anaogopa kutuma, mnunuzi anaogopa kulipa. Hawakufanya semina ya kumtukana mnunuzi. Mwaka 2004 wakaleta Alipay, na kazi yake ya kwanza ilikuwa moja tu: kushika hela katikati. Mnunuzi analipa, lakini hela haiendi kwa muuzaji, inakaa. Muuzaji anaona kwamba hela ipo, anatuma mzigo. Mnunuzi anaupokea, anaukagua, anathibitisha, ndipo hela inamfikia muuzaji. eBay ya Marekani, iliyokuwa imenunua kampuni ya Kichina mwaka 2003 ikiwa na jina kubwa na hela nyingi, mwishoni mwa 2006 ilikuwa imefunga tovuti yake kuu kule. Sababu zilikuwa nyingi, ila hilo la nani anashika hela katikati mzigo ukiwa njiani lilikuwa mojawapo kubwa.

India. Flipkart walianza 2007 wakiuza vitabu. Wahindi wengi hawakuwa na kadi, na wenye kadi hawakutaka kuziandika namba zake mtandaoni. Mwaka 2010 Flipkart wakaanza kupokea malipo mlangoni. Wakakua kweli kweli. Amazon ilipoingia India ikakuta utaratibu huo na ikaufuata, Amazon ile ile ya "wenzetu".

Na huyo Mmarekani anayelipa kwanza na kusubiri wiki, ana nini nyuma yake? Ana kadi ambayo mzigo usipofika anapiga simu benki hela inarudishwa. Anairudisha suruali kwa sababu haijampendeza tu, na wanampokea. Mpe yule mtoto wa mwaka wa kwanza hayo yote, uone kama hatalipa kwanza. Atalipa hata leo usiku.

Hata hapa kwetu wapo wanaojua. Jiji, ambayo mwaka 2019 ilinunua shughuli za OLX katika nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Tanzania, inawaonya watumiaji wake wasilipe kabla ya kuona kitu, hata ile hela ya usafiri. Yaani tovuti ya matangazo yenyewe inamwambia mnunuzi awe "mshamba".

Lakini ngoja nimtendee haki muuzaji, maana ninaishi na mmoja.

Rumeti wangu anauza viatu. Alianza mwaka wa pili na hela ya bumu la muhula mmoja, jozi 12 tu, akaziweka chini ya kitanda, na mpaka leo chumba chetu kinanuka gundi. Anauza kwa stetasi ya WhatsApp na kaukurasa kadogo ka Instagram. Mzigo wake anao, ananunua mwenyewe, anaupiga picha mwenyewe kwenye sakafu ya korido. Nimeona anavyoteswa. Mtu anaagiza, "dada niletee Sinza saa 9", boda anakwenda, simu haipokelewi. Au inapokelewa: "samahani mpenzi, nimetoka kidogo, njoo kesho". Boda anataka 5,000 yake ya kwenda na 3,000 ya kurudi, na kiatu chenyewe faida yake ni 7,000. Mwingine alivivaa, akazunguka navyo sebuleni, akasema havijamkaa, akarudisha vikiwa na vumbi. Mwingine aliagiza jozi tatu ili achague moja. Kuna siku rumeti alilia, kabisa, kwa sababu ya mzunguko mmoja wa Tegeta uliomla faida ya wiki nzima.

Kwa hiyo nikisikia wauzaji wanalalamika, nawaelewa. Kulipa ukipokea kunamuumiza muuzaji mdogo, na anayebisha hajawahi kuishi na viatu chini ya kitanda.

Ila angalieni rumeti alifanya nini. Hakuanza kutukana wateja. Alikaa na daftari akahesabu kinachomuumiza hasa ni nini. Akaona si bei ya kiatu. Kiatu kikirudi bado ni kiatu, kesho kinauzwa. Kinachopotea moja kwa moja ni nauli ya boda. Basi akaandika: nauli unatuma kwanza, bei ya kiatu unalipa ukikiona. Nauli hiyo unatuma kwenye lipa namba yenye jina la biashara. Ukikikataa, nauli hairudi. Kwa hapa chuoni hakuna nauli, analeta mwenyewe mpaka mlangoni, ukikipenda unalipa.

Wale wa "njoo kesho" walipungua sana, maana mtu akishatoa 5,000 yake anakaa nyumbani kumsubiri boda. Na mnunuzi naye anachohatarisha ni 5,000, si 40,000. Kila mmoja amebeba kipande cha hatari kinachomhusu. Msichana wa mwaka wa tatu, na daftari la kurasa 80. Yule mgeni rasmi mwenye wafuasi maelfu hajafikiria hilo?

Amefikiria sana, nadhani. Ila kulipwa kwanza ni kutamu.

Najua mtauliza kuhusu mikoani. Hapo ni kugumu kweli, sifichi. Konda wa basi hawezi kukusubiri binamu yangu ajaribishe kiatu stendi halafu amkusanyie muuzaji hela. Mzigo ukishapanda basi pale Mbezi, muuzaji akiwa hajalipwa, hana chake. Na mnunuzi akiwa amelipa kabla haujapanda, naye hana chake. Hapa lazima mmoja atangulie. Binamu yangu huwa anatuma nusu, muuzaji anapeleka mzigo ofisi ya basi, anampigia picha risiti ikiwa na namba ya gari, anamaliza nusu ya pili, mzigo unaondoka. Si salama asilimia mia, ila muuzaji asiye na mzigo hawezi kutoa risiti ya basi. Ingekuwa rahisi zaidi kama kampuni za simu zingetushikia hela katikati kama walivyofanya Wachina, maana zinatujua wote wawili kwa alama za vidole na kila siku zinashika hela zetu. Wataalamu wa kompyuta mliopo Kijitonyama, project za mwaka wa mwisho mnazotafuta ndizo hizi. Acheni kututengenezea mfumo mwingine wa kuhesabu vitabu vya maktaba.

Suala la anwani nalo tulitaje maana wauzaji hulisema. 2022 kabla ya sensa nyumba zikawekewa namba, mitaa ikapata vibao. Kazi nzuri. Lakini muulize boda. Bado atakupigia mara nne, "niko kwenye mwembe, nakata kulia au kushoto?" Hilo litachukua muda, na si kosa la mteja wala muuzaji.

Sheria? Ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu inayomlinda mtu anayenunua kwa njia hizi. Wa sheria mnaosoma hapa, naomba mmoja wenu aje aielezee kwa Kiswahili cha watu, nitaiweka hapa hapa yote. Sisi wengine tukiisoma tunasinzia ukurasa wa pili, na winga anajua kwamba tunasinzia.

Ninachokitaka mimi ni kidogo. Nataka bei iandikwe chini ya picha. Mtu anayeficha bei ana sababu, na sababu hiyo haijawahi kuwa ya kunisaidia mimi. Nataka muuzaji akiwa winga aseme ni winga: "mzigo uko Kariakoo, naufuata ukilipa, cha juu changu ni hiki". Wengi tutakubali, kwani huko Kariakoo si tunakubali? Nataka anayetaka kulipwa kwanza aniambie mzigo usipofika hela yangu inarudi kwa njia gani, na jina lake kamili ni nani, na akipenda, duka liko mtaa gani. Akishindwa yote hayo, alete mzigo niuone.

Na nataka tuache kupiga makofi tukitukanwa. Wenzetu wawili wameshanitumia meseji usiku huu eti niliharibu hali ya hewa kwa kununa mpaka mwisho. Nilinuna kweli. Nitanuna na Ijumaa kama atarudi, na safari hii nakaa mbele.

Haya, saa 7 inagonga, taa ya korido imezimwa, na rumeti ananichungulia naandika nini juu yake. Amesoma. Amekasirika kuhusu ile ya gundi. Anasema kama nimemtaja basi na mzigo wake niutaje: raba nyeupe za kike, namba 38 jozi mbili, namba 40 jozi moja, 28,000. Bei ndiyo hiyo hapo. Msije inboksi kuuliza.